Mgeni njoo, lakini simama mbali: Funzo la gorila wa milimani

WAHENGA walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika milima ya Virunga na msitu wa Bwindi, huko zinakopakana Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, methali hiyo ina ukweli wa nusu.

Mgeni anayepanda mlima kwenda kumtazama gorila ndiye anayeleta sehemu kubwa ya fedha zinazomlinda mnyama huyo. Lakini mgeni huyo huyo, akiwa na mafua aliyoyapata ndani ya basi au ndege siku mbili kabla, anaweza kumwua mwenyeji wake bila hata kumgusa.

Wakazi wengi wa mijini wanaofikiria safari hiyo huuliza kwanza iwapo gorila hatawadhuru. Ni swali la haki, kwani dume aliyekomaa huweza kufikia uzito wa kilo 160 hadi 200, na nguvu zake hazilingani na za mwanadamu yeyote.

Hata hivyo, historia ya utalii wa gorila inaonyesha kuwa swali zito zaidi ni la upande wa pili: je, sisi hatutamdhuru yeye?

Ni vema kwanza kuondoa mkanganyiko wa majina. Gorila si sokwe tunayemfahamu Watanzania kutoka hifadhi za Gombe na Mahale. Ni mnyama mwingine, mkubwa zaidi, anayetembea chini muda mwingi na kula majani, mashina na machipukizi ya mianzi. Wanyarwanda humwita ingagi.

Gorila wa milimani wanaishi porini katika maeneo mawili tu duniani. La kwanza ni safu ya milima ya volkano ya Virunga inayogawanywa na nchi hizo tatu. La pili ni msitu wa Bwindi ulioko kusini magharibi mwa Uganda, pamoja na kipande kidogo cha msitu wa Sarambwe kilichoungana nao upande wa Kongo.

Walikotoka

Mgeni wa kwanza kutoka Ulaya ambaye kukutana kwake na wanyama hao kuliingia katika vitabu vya sayansi alikuja na bunduki. Huyo ni Kapteni Robert von Beringe, ofisa wa jeshi la Ujerumani katika koloni lililojumuisha Tanzania Bara, Rwanda na Burundi za leo. Oktoba 1902, akiwa katika mlima Sabyinyo, aliwapiga risasi gorila wawili. Jina la kisayansi la mnyama huyo, beringei, limetokana na jina lake.

Miongo iliyofuata haikuwa ya heri. Misitu ilikatwa kupisha mashamba, mitego ya wawindaji ikazagaa, na watoto wa gorila wakakamatwa ili wauzwe nje. Mtafiti wa Kimarekani, Dian Fossey, alianzisha kituo cha Karisoke nchini Rwanda Septemba 1967, na kazi yake ya kupambana na majangili ikaifanya dunia igeuke kutazama. Aliuawa kituoni hapo Desemba 1985.

Sensa ya mwaka 1981 ilihesabu gorila 254 tu katika Virunga yote. Wapo walioamini kuwa mnyama huyo angetoweka kabla karne ya 20 haijaisha.

Hakutoweka. Sensa ya Virunga ya mwaka 2015 na 2016 ilipata gorila 604, na ile ya Bwindi ya mwaka 2018 ikapata 459, hivyo kufanya jumla ya 1,063. Novemba 2018, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) ulimtoa katika kundi la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka na kumweka katika kundi la walio hatarini, yaani ngazi moja ya nafuu. Ni nadra kusikia habari ya namna hiyo kuhusu nyani wakubwa.

Mkono wa mgeni katika nafuu hiyo

Nafuu hiyo haikuja yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, ukitumia kumbukumbu za Virunga za zaidi ya miaka 40, ulionyesha kuwa familia za gorila zilizozoeshwa kuona watu ziliongezeka kwa takriban asilimia 4 kwa mwaka. Zile ambazo hazikuzoeshwa zilikuwa zikipungua polepole.

Sababu ni kwamba familia iliyozoeshwa hutembelewa na walinzi kila siku. Mtego ukionekana unateguliwa, na gorila akijeruhiwa au kuugua anafikiwa na madaktari wa wanyama. Mpango wa tiba kwa gorila porini ulianza Rwanda mwaka 1986, na leo madaktari wake wanahudumu katika nchi zote tatu.

Huduma hiyo ya kila siku ni ghali, na sehemu kubwa ya gharama inatoka mfukoni mwa mgeni. Mei 2017 Rwanda ilipandisha ada ya kibali cha kuwaona gorila kutoka dola 750 hadi dola 1,500 za Marekani kwa mtu mmoja. Uganda ilipandisha ya kwake hadi dola 800 mwaka 2024, ingawa raia wa nchi za Afrika Mashariki hulipa kiasi kidogo zaidi kwa shilingi za Uganda. Upande wa Kongo, katika hifadhi ya Virunga, utalii umekuwa ukisimamishwa mara kwa mara kwa sababu za usalama.

Sehemu ya mapato hayo hurudi vijijini kwa njia ya shule, zahanati na maji. Rwanda ilianza kutenga asilimia 5 mwaka 2005 na kuifikisha asilimia 10 mwaka 2017. Mwanakijiji anayepata faida kutoka kwa gorila aliye hai ana sababu ya kumkataza jirani yake asitege mitego.

Mpaka hapo, methali ya wahenga imesimama. Mgeni amekuja na mwenyeji amepona.

Saa moja msituni

Safari yenyewe huanza alfajiri. Upande wa Rwanda wageni hukusanyika Kinigi, nje ya mji wa Musanze, ambako hugawanywa katika makundi yasiyozidi watu wanane. Kila kundi la watu hupangiwa familia moja ya gorila, na familia hiyo haitapokea wageni wengine siku hiyo. Aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi.

Wakati wageni wakipewa maelezo, wafuatiliaji wamekwisha kuingia msituni. Wao huanzia mahali gorila walipolala jana yake, kwa kuwa kila jioni gorila hujitandikia malazi mapya ya majani na kuyaacha asubuhi. Kutoka hapo hufuata mashina yaliyotafunwa, kinyesi na njia iliyofunguka katika vichaka, kisha huwaarifu waongozaji kwa redio.

Mgeni anaweza kutembea nusu saa tu, au akatembea saa tano. Milima ni ya mteremko mkali, matope hufika kwenye vifundo vya miguu, na yapo majani yanayowasha hata kupitia nguo nyepesi. Ndiyo maana huhimizwa kuvaa suruali nzito, glavu na buti, na kuchukua mpagazi, ambaye ujira wake ni njia nyingine ya fedha kufika kijijini.

Wakikaribia, mizigo, fimbo na chakula huachwa nyuma. Kiongozi hutoa mlio mzito wa kooni, mfano wa mtu anayesafisha koo taratibu. Ndio mlio ambao gorila wenyewe huutumia kuambiana kuwa hali ni shwari. Kuanzia hapo saa inahesabiwa, na dakika 60 zikitimia wageni huondoka.

Katika muda huo dume kiongozi, anayetambulika kwa nywele za mgongoni zilizogeuka rangi ya fedha, anaweza kusimama na kujipiga kifua kwa viganja vilivyokunjwa kama kata. Utafiti uliofanyika Rwanda na kuchapishwa mwaka 2021 ulibaini kuwa sauti ya kifua cha dume mkubwa ni nzito kuliko ya dume mdogo, hivyo wenzake walio mbali wanaweza kuujua ukubwa wake bila kumwona. Ni tangazo, na mara nyingi linaepusha vita.

Akimjia mgeni kwa kasi, maelekezo ni yale yale kila siku: usikimbie, chutama, tazama chini au pembeni, na msikilize kiongozi. Mara nyingi dume huishia njiani. Anachotaka ni kuonyesha nani mwenye nyumba, na mgeni anayeinamisha kichwa amekwisha kukubali.

Hatari isiyoonekana

Hatari ya upande wa pili haipigi kifua. Gorila ana undugu wa karibu mno na binadamu, kiasi kwamba chembechembe zetu za urithi zinafanana kwa takriban asilimia 98. Vimelea vingi vinavyotushambulia sisi humshambulia na yeye. Tofauti ni kwamba mwili wake haujawahi kuvizoea, hivyo ugonjwa ambao kwetu ni wa kumeza vidonge viwili na kulala mapema, kwake unaweza kuwa nimonia.

Mwaka 1988 ugonjwa wa njia ya hewa uliwakumba gorila wa Rwanda na kuua sita. Surua ilishukiwa, na madaktari walilazimika kuwachanja gorila wengi porini kwa mishale ya dawa.

Mwaka 1996, huko Bwindi, familia moja ilipata upele na mtoto mchanga akafa. Daktari wa wanyama wa Uganda, Gladys Kalema-Zikusoka, aliyeshughulikia mlipuko huo, alihusisha chanzo chake na wakazi wa jirani ambao gorila huingia mashambani mwao. Nguo kuukuu zilizovishwa sanamu za kutishia wanyama zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoshukiwa. Tukio hilo lilimfanya aanzishe, mwaka 2003, shirika linalohudumia kwa pamoja afya ya wanavijiji na afya ya gorila.

Mwaka 2009 ikawa zamu ya familia ya Hirwa nchini Rwanda. Gorila 11 kati ya 12 walianza kukohoa na kutoka makamasi. Jike mmoja mzima na mtoto wa siku chache walikufa. Uchunguzi wa maabara ulikuta katika miili yao virusi vya binadamu vya njia ya hewa, vya aina iliyofanana zaidi na ile iliyowahi kupatikana kwa watu wa Afrika Kusini.

Hilo halithibitishi ni nani aliyevileta. Huenda ni mtalii, mfanyakazi au mwanakijiji. Linachothibitisha ni kwamba kikohozi cha watu wa mbali kinaweza kufika mahali ambapo hata gari halifiki.

Kwa sababu hiyo, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozuka, nchi zote tatu zilifunga milango ya utalii wa gorila Machi 2020. Hofu haikuwa ya bure, kwani Januari 2021 gorila katika bustani ya wanyama ya San Diego nchini Marekani walithibitika kuambukizwa.

Lakini kufungwa huko nako kulikuwa na gharama. Juni 2020, wageni wakiwa hawapo, dume mashuhuri wa Bwindi aliyeitwa Rafiki aliuawa kwa mkuki na mwindaji aliyekuwa akitafuta nyama ya wanyama wadogo. Mwindaji huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 11.

Hapo ndipo penye ugumu wote. Mgeni akija ovyo, gorila anaugua. Mgeni asipokuja, ulinzi unadhoofika na kijiji kinakosa kipato. Kati ya mabaya hayo mawili ipo njia nyembamba, na upana wake umepimwa kwa mita.

Mita kumi

Kanuni ya zamani iliruhusu mita 5. Mwaka 1999 wataalamu walipendekeza mita 7, wakizingatia umbali ambao matone ya chafya yanaweza kuruka. Baada ya UVIKO-19 umbali ukawa mita 10 na barakoa ikawa lazima.

Kwa msomaji wa mjini, mita 7 ni urefu wa basi dogo la Coaster, na mita 10 ni karibu urefu wa basi la kwenda mkoani. Si umbali mkubwa. Kwa jicho la kawaida mtu anaona vizuri kucha za gorila, anaona mama akimchambua mwanawe nywele, na anamsikia akitafuna.

Pamoja na hayo, ni kanuni inayovunjwa kuliko zote. Utafiti uliofanyika Bwindi na kuchapishwa mwaka 2020 ulifuatilia safari 53 za watalii na kukuta umbali wa mita 7, uliokuwa sheria wakati huo, umevunjwa katika karibu safari zote.

Watafiti wengine wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes cha Uingereza walipitia picha 858 zilizowekwa katika mtandao wa Instagram kati ya mwaka 2013 na 2019. Katika asilimia 86 ya picha hizo, watu walikuwa ndani ya mita 4 kutoka kwa gorila. Katika picha 25, binadamu na gorila walikuwa wamegusana.

Wakati mwingine anayesogea ni gorila mwenyewe. Watoto wao ni wadadisi kama wa kwetu, na mmoja anaweza kuja kuvuta kamba ya kiatu. Wageni wengi hufikiri kuwa wamependelewa, hivyo husimama na kutoa kamera. Kanuni inasema warudi nyuma, kwa sababu virusi havibagui nani aliyemsogelea mwenzake.

Wapo pia waongozaji wanaolegeza kamba kwa kutarajia bahshishi nono. Tusiwalaumu wao peke yao. Mwongozaji hupata kishawishi pale mgeni anapoonyesha kuwa yuko tayari kulipia ukaribu. Mgeni anayesema mapema, kabla ya kuingia msituni, kuwa yeye anataka kanuni ifuatwe, amemwondolea mwongozaji huyo mzigo mzito.

Mtihani wa asubuhi ile

Mtihani mgumu kuliko yote haumkuti mgeni msituni. Humkuta hotelini, saa 11 alfajiri, anapoamka na kuhisi koo linawasha.

Amelipa ada yake miezi mingi kabla. Amekata tiketi, ameomba likizo, na ndugu zake wote wanasubiri picha. Kanuni inamtaka mwenye mafua, kikohozi, homa au kuhara ajitaje na asipande. Hakuna kipimo kitakachomuumbua akimeza kidonge na kunyamaza.

Ni wazi kuwa kadiri ada inavyopanda, ndivyo kishawishi cha kuficha kinavyopanda. Hivyo ulinzi wa mwisho wa mnyama huyo si askari wala uzio. Ni uaminifu wa mtu mmoja mbele ya kioo, asubuhi ambayo hakuna anayemwona.

Anayekusudia safari hiyo anaweza kujirahisishia mtihani huo. Aulize, kabla ya kulipa, utaratibu ukoje kwa mgeni anayeugua siku ya safari, kama atarejeshewa sehemu ya fedha au atapangiwa siku nyingine. Aache siku moja au mbili za akiba katika ratiba yake. Ahakikishe chanjo zake zimekamilika, na aepuke kukaa karibu na wagonjwa siku chache kabla ya kupanda.

Akiwa msituni, barakoa ifunike pua na mdomo, si kidevu. Akibanwa na kikohozi ageuke, azibe mdomo kwa kiwiko na arudi nyuma. Asiteme mate, asile karibu na wanyama, asiache karatasi wala kitambaa, na asitumie mwanga wa kamera. Akihitaji kujisaidia, amwambie kiongozi achimbe shimo la kina na kulifukia.

Nasi tunalo somo hili nyumbani

Msomaji wa Tanzania hana haja ya kuvuka mpaka ili kulijua jambo hili. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, ambao wakati huo ulikuwa umewapata watu mkoani Kigoma, uliwakumba sokwe wa Gombe. Baadhi walipooza mikono au miguu na wengine wakafa. Jane Goodall, aliyefariki dunia Oktoba 2025, alilieleza tukio hilo kuwa miongoni mwa nyakati ngumu kabisa za kazi yake.

Katika Hifadhi ya Milima ya Mahale, magonjwa ya njia ya hewa yaliwashambulia sokwe mara kadhaa miaka ya 2000, na mwaka 2006 kuna waliokufa. Virusi vilivyobainika ni vya binadamu, vya aina ile ile iliyokuja kuonekana kwa gorila wa Hirwa. Ndiyo maana anayekwenda Mahale leo huvalishwa barakoa na kutakiwa kusimama mbali.

Kwa hiyo tunaposafiri kwenda kutazama wanyama, nje au ndani ya nchi, ni vema tubadili namna tunavyoipima safari njema. Kwa muda mrefu tumeipima kwa ukaribu: nani alifika karibu zaidi, nani ana picha iliyojaza kioo cha simu. Kipimo hicho kinawachosha waongozaji na kuwaua wenyeji wetu.

Mgeni mstaarabu hubisha hodi, hukaa anapoonyeshwa na huondoka kabla mwenye nyumba hajaanza kupiga miayo. Katika nyumba ya gorila pameonyeshwa mita 10 na saa moja. Akitosheka na hivyo, na akiwa na ujasiri wa kubaki hotelini siku anapokohoa, methali ya wahenga itakuwa kweli yote: mgeni amekuja, na mwenyeji amepona.